Risper ameombwa ushauri wa nyumba

Nekesa, weka hiyo pasi chini kwanza usome. Risper amenipigia sasa hivi na bado siamini.

Unajua vile madam wake anataka wahamie villa mpya kule Malqa, ghorofa tatu, vioo kila mahali. Baba, mumewe, naye hataki kutoka nyumba yao ya Suwaidi, aliyojenga marehemu babake. Wamenuniana wiki mbili.

Leo wakamwita Risper sebuleni, wakamwambia akae. Kwa kochi, Nekesa. Miaka minne amekuwa akilipanguza tu hilo kochi.

Baba akamuuliza, "Wewe ndiye unajua kazi ya nyumba. Tuishi wapi?"

Risper akawaza kwamba akimuudhi mmoja wao, ikama yake, kibali cha kukaa huku, haitaongezwa. Akajibu, "Villa ni nzuri sana, madam. Na hii ya zamani pia ni nzuri sana, baba."

Wakatazamana, wakaanza kucheka. Wiki mbili hawajacheka hao watu. Baba akasema, "Halas, basi. Tunakaa na zote mbili. Risper ametushinda akili."

Risper akafurahi karibu alie. Halafu akauliza, kwa adabu, huyo msichana wa kufanya kazi Malqa atakuja lini.

Madam akamshangaa. "Msichana gani? Si umesema zote mbili ni nzuri?"

Zote mbili ni nzuri. Kwa mdomo wake mwenyewe.

Kuanzia kesho ni asubuhi Suwaidi, mchana Malqa, yeye na ndoo yake nyuma ya gari. Amehesabu bafu kumi na moja. Na madam amemshukuru kwa kuokoa ndoa yao.