Kazi Niliyomwachia Wifi

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata kazi. Nusu kazi. Siku tatu kwa wiki kwa yule dobi mkubwa nyuma ya hospitali – mashuka ya wagonjwa, mataulo ya hoteli. Mwenye mali wafanyakazi wanamwita Mvuke, kwa sababu anatokea ghafla na anaunguza. Kanijaribu asubuhi nzima kwenye pasi. Joto lile! Nimetoka na lengelenge kwenye kidole gumba, nywele zinanuka dawa ya madoa. Kasema nikitaka nianze, nisipotaka wapo wengine.

Nimerudi nyumbani. Yaani kwa kaka, kwenye kochi la kaka, ambalo wifi hulipanguza vumbi mimi nikiwa bado nimelilalia. Kaka kafurahi. Wifi kauliza zile siku nne zilizobaki nitakuwa namlalia nani kochi. Ana ulimi yule! Tangu duka letu lifungwe na mimi keshia nitupwe nje, haipiti siku hajauambia ukuta wa jikoni: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ukuta haujibu. Mimi pia sijibu, nakula.

Alhamisi, 6 Machi

Ofisi ya ajira. Foleni mpaka barabarani. Kuna mpango wa serikali: unawekwa mahali pa kazi miezi sita, posho inatoka serikalini, mwajiri hatoi hata senti, na akikupenda anaweza kukuajiri moja kwa moja. Karani ni dada mmoja mwenye kope za bandia. Kanieleza yote bila kuniangalia. Usiwe na kazi yoyote, hata ya nusu siku. Na utakapopangiwa, nenda. Ukikataa jina linafutwa na hurudi tena.

Nikauliza watu wanapangiwa wapi. Maofisini, kwa wingi, kasema. Maofisini! Nikajiona kwenye kiti cha kuzunguka, feni juu, nawaambia watu wasubiri. Nimesubirishwa sana maisha haya. Na mimi nataka kumsubirisha mtu.

Kaka hapendi. Kasema kazi ya dobi anaiona kwa macho, hiyo ya serikali anaisikia tu, na mshika mbili moja humponyoka. Nikamwambia mimi sishiki mbili, nachagua. Wifi kacheka puani.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemkataa Mvuke. Ningesema asante nikaenda zangu, ingetosha. Mimi tena! Nikasimama katikati ya mashine, nikamweleza kwamba serikali yenyewe inanitafutia ofisi, na posho juu, na mwajiri wala hatii mkono mfukoni. Akaacha taulo alilokuwa anakagua. Akauliza kama kweli mwajiri halipi chochote. Chochote, nikasema. Akauliza hiyo ofisi ya ajira iko wapi. Nikamwelekeza mpaka mlango wa kuingilia.

Kisha nikamwambia kama bado anataka mtu wa siku tatu, ninaye wifi yangu, mwanamke wa nguvu. Ukweli nauandika hapa tu: nilitaka aungue. Alionje lile joto, arudi hana hata pumzi ya kusema na ukuta. Nimecheka peke yangu njia nzima, watu wakanipisha.

Jumapili, 16 Machi

Wifi anaipenda kazi! Malengelenge anayo, tena mengi kuliko langu, na anayaonyesha kwa majirani kama bibi harusi anavyoonyesha pete. Anaimba akifagia. Kumbe tangu aolewe hajawahi kuwa na kitu chake. Hata sabuni ya kuogea alikuwa anaiomba kwa kaka, na kaka anauliza ile ya juzi imekwenda wapi. Naishi humu ndani na sikuwahi kusikia. Au nilisikia nikafurahi.

Leo kanipakulia mimi kwanza, na mnofu wote kwenye sahani yangu. Kaka kabaki na kijiko hewani. Baadaye tukiosha vyombo akaniambia polepole:

"Wifi, nilikusema sana. Na wewe ndiye umenitoa gizani. Sitakusahau."

Nikaendelea kusugua sufuria ambalo lilikuwa safi tayari.

Jumatano, 26 Machi

Kimya. Kila nikienda kuulizia, kope zinapanda, zinashuka: subiri.

Kaka kapunguziwa zamu kule ghalani anakofanya kazi. Anashinda mlangoni. Kodi ya nyumba sasa inategemea mikono ya wifi, na wifi wala haringi. Kaninunulia viatu vyeusi vya kisigino kifupi. Kasema ofisini huwezi kwenda na ndala. Vinabana ajabu. Nimemwambia vimenikaa kama vilivyoshonewa mguu wangu.

Ananichosha kwa wema wake. Alipokuwa ananisimanga nilijua mahali pa kumweka.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimeitwa. Nimeenda na viatu, nachechemea. Karani kasema nina bahati, nimepangiwa karibu na nyumbani. Akasoma jina. Nikamwomba arudie.

Kwa dobi. Dobi yule yule! Nikasema dada, uliniambia ofisini. Kasema aliniambia kwa wingi. Halafu, kwa mara ya kwanza, akaniangalia na kutabasamu. Kasema mwenye mali alikuja mwenyewe mwezi uliopita, waajiri wengine hata habari hawana. Alielekezwa vizuri na mtu. Kaomba watu watatu.

Mdomo huponza kichwa, wanasema. Wangu umeponza kichwa cha mwenzangu. Maana hilo nililielewa palepale, sikuhitaji kufafanuliwa: pale kwenye pasi wa siku tatu wapo watatu, wifi mmojawapo.

Nikauliza nikikataa je? Kope zikarudi kwenye kompyuta. Jina linafutwa. Nikafikiria kochi. Nikafikiria mwaka mwingine wa kochi. Nikasema nitakwenda.

Jioni wifi kauliza nimepewa ofisi gani. Nikasema nitaambiwa kesho. Akachukua blauzi yangu akainyoosha, akanionyesha namna ya kuishika kola ili isimame. Sasa ni fundi kabisa. Kaka akasema nyumba hii imeanza kupata baraka. Nikaenda kulala bila kula, nikasema ni furaha.

Jumanne, 8 Aprili

Naandika chooni, kwa dobi. Mlango hauna komeo, nimeuzuia kwa mguu.

Nilitoka mapema ili nimwahi wifi. Nilijipanga nimwombe Mvuke atubakize sote. Kanipokea kwa mikono miwili, kaniita mwalimu wake! Kasema wale wa siku tatu anawaachisha leo, mtu gani mwenye akili analipia kitu cha bure. Wawili wameshaambiwa getini. Nikasema wa tatu ni wifi yangu. Kasema anajua, ndiyo maana kamwacha wa mwisho, kwa heshima yangu.

"Mwambie wewe, ni ndugu yako. Kabla ya saa sita. Ukishindwa, ondoka wewe, yeye abaki. Mimi nataka mtu mmoja kwenye ile pasi. Awe nani, kwangu mamoja."

Kisha wifi akaingia. Akaniona nimesimama kwenye pasi na viatu vya ofisini. Nilidhani ataelewa na itakuwa imekwisha. Akanikumbatia! Kasema alijua tu nitachoka kusubiri serikali, kasema afadhali, tutakuwa tunakuja na kurudi pamoja. Akanifunga aproni kwa mkono wake. Akauliza wenzake wako wapi leo. Hakuna aliyemjibu, akadhani wamechelewa.

Tukapangwa kukunja mashuka. Shuka moja linataka watu wawili. Mnavuta, mnakung'uta, mnasogeleana, mmoja anampa mwenzake pembe zake. Kila tulipokutana uso wake ulikuwa hapa, mbele yangu. Ningeweza kunong'ona tu. Nikampa pembe, nikarudi nyuma, nikachukua shuka lingine. Sijui tumekunja mangapi.

Mvuke kapita, kagonga saa yake kwa kidole. Ndipo nikasema naenda haja.

Ninaweza kumwambia. Ninaweza kupita mlango wa nyuma nikaenda zangu, yeye abaki na kazi yake na sabuni yake. Ni hatua chache tu, mlango nauona kwenye ufa huu. Lakini sicho ninachokifikiria. Ninachofikiria ni kwamba yeye ana mume. Mimi sina. Yeye ana kitanda. Nimelirudia hilo moyoni tangu nikae hapa, na kila nikilirudia linazidi kuwa la haki.

Kuna mtu anagonga. Ni yeye. Anauliza kama tumbo linaniuma. Kasema nisiwe na haraka, ameshamwomba Mvuke asinifokee, na fungu langu anamalizia yeye.