Jicho la Karanga

Migori
Jumanne, 12 Aprili 1994

Kwako shemeji Barnabas,

Nakusalimu sana, na kama umesimama tafuta kiti. Ni mimi Masese! Najua hukutarajia. Habari ya miaka minane? Habari ya dada yangu Jerusha, mgongo wake ulipona? Mimi niko na nguvu, meno yangu yote yako isipokuwa yale manne. Na hii barua naandika kwa mkono wangu mwenyewe, sikuomba karani. Nilimaliza ngumbaru, lile darasa la watu wazima, cheti kiko ukutani, nimekitundika mahali ambapo mgeni akiingia tu lazima wakutane.

Sasa sikia. Sikuandikii kuomba msaada. Masese haombi. Nakujulisha tu kwamba Migori hii yote, kutoka daraja mpaka stendi, mzee aliye na hamsta ni mimi peke yangu! Wewe na kazi yako yote ya serikali ya mifugo, umewahi kushika hamsta? Hujashika. Ni kama panya lakini si panya, usicheke. Mkia wake ni kama kifungo cha shati. Rangi yake ni ya mandazi. Anajaza karanga kwenye mashavu mpaka kichwa kinashinda mwili, anaenda kuzitema kwa kona yake, anarudi kutafuta zingine, uchoyo mtupu! Jina lake Karanga.

Mwenye mnyama ni Sheila, mjukuu wangu ninayekaa naye. Nesi mzungu wa misheni alimwachia akirudi kwao. Sheila ameenda likizo kwa mama yake Kisii, atarudi Ijumaa tarehe 29. Alinipa kizimba akasema, "Babu, chunga huyu vile unanichunga mimi." Nikamwambia nenda mama, umemwacha kwa daktari.

Basi jicho la kushoto limefunga, leo siku ya nne. Linatoa tongotongo. Ninalitibu vizuri sana. Ila nataka kulinganisha tu: serikali iliwafundisha nini juu ya jicho? Mellen wa omena, yule mchuuzi wa dagaa, anakuja huko kila Jumanne na Ijumaa. Mpe jibu akirudi.

Shemeji yako,
Masese, mwenye cheti


Homa Bay
Jumanne, 12 Aprili 1994

Shemeji Masese,

Salamu zimefika, na harufu ya omena juu yake. Tuko wazima. Mgongo wa Jerusha ulipona mwaka wa tisini. Aliposikia barua ni yako aliketi akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mwishowe sikujua tena kama anacheka. Mellen anapakia magunia, kwa hiyo naandika haraka.

Hamsta sijashika. Lakini jicho ni jicho. Chemsha maji, tia chumvi robo kijiko cha chai kwa kikombe, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu kama maziwa ya ndama. Nawa mikono. Chovya pamba safi, iweke juu ya jicho mpaka ukoko ulainike, kisha panguza polepole kutoka upande wa pua kwenda nje. Usilivute lifunguke. Fanya asubuhi na jioni, pamba mpya kila mara.

Kisha nijibu mambo manne. Amelalia nini? Umemweka wapi? Jicho limetokeza nje, au liko mahali pake? Na la mwisho ndilo kubwa: umeweka nini kwenye hilo jicho?

Shemeji yako,
Barnabas


Migori
Ijumaa, 15 Aprili 1994

Shemeji Barnabas,

Salamu tena, na habari ya huko haiwezi kushinda ya hapa. LIMEFUNGUKA! Jana jioni niliweka pamba, nikangoja, nikapanguza, ukoko ukatoka kama ganda la mtama, na jicho likaniangalia! Jeusi, linang'aa kama mbegu ya papai! Niliruka, kofia ikaanguka. Nilienda nikamwambia Ombui jirani yangu, akasema, "Masese, sasa umekuwa daktari wa panya?" Nikamwambia, Ombui, mbuzi wako alikohoa wiki tatu ukimwangalia tu, wewe nyamaza.

Majibu yako haya hapa. Alikuwa analalia vumbi la mbao kutoka kwa fundi, laini kama unga. Nimeona mwenyewe lilikuwa linamwingia, nimetoa lote. Sasa analalia karatasi. Nimerarua daftari langu la ngumbaru, zile kurasa tupu, nikakata vipande vipande. Zilizoandikwa nimeweka, siku moja zitatafutwa.

Alikuwa jikoni karibu na mafiga ili asisikie baridi. Ndiyo, kuna moshi, usianze. Nimemhamisha chumbani kwangu. Na mchana nilikuwa namtoa juani watu wamwone, kumbe mchana ndio wakati wake wa kulala, nilikuwa namwamsha bure. Nimeacha.

Jicho liko mahali pake.

Swali la nne. Sikuweka kitu. Maji tu. Na tafadhali usinirudishe kwa yule mtamba wako. Mtamba alichomwa na mwiba. Nilisema hivyo na bado nasema.

Shemeji yako,
Masese


Homa Bay
Ijumaa, 15 Aprili 1994

Shemeji,

Tumefurahi. Jerusha anasema daftari lako limepata kazi ya maana. Kama hukuweka kitu, endelea na maji hivyo hivyo, siku chache zitatosha.

Nimekubali neno lako. Mwaka wa 1986 pia nilikubali. Kiangazi kile nilikuletea Nyar Ndhiwa, mtamba wangu niliyemnunua Ndhiwa, kwa sababu kwako kulikuwa na nyasi. Uliponiita jicho lake limevimba, nilikuuliza swali hili hili. Ukasema mwiba. Nikatibu mwiba siku tano, na jicho likawa jeupe kama yai la kuchemsha. Kama mle ndani kulikuwa na kitu cha kuoshwa siku ya kwanza, sikukiosha, kwa sababu uliniambia hakipo.

Si jicho lililonikasirisha, Masese.

Barnabas


Homa Bay
Jumanne, 19 Aprili 1994

Shemeji Masese,

Mellen amekuja mikono mitupu. Anasema ulimwambia kalamu imeisha wino, huku kalamu yenyewe iko kwenye mfuko wa shati lako. Masese akose la kuandika? Jerusha hajamaliza ugali wake, ananiangalia mimi kama ndiye mwenye makosa.

Mnyama yuko hai? Leo sitauliza lingine. Neno moja tu litatosha.

Shemeji yako,
Barnabas


Migori
Jumatano, 20 Aprili 1994

Ndugu yangu Barnabas,

Yuko hai.

Hii barua haiwezi kungoja Mellen wa Ijumaa, nimempa dereva wa basi la kwanza na ameapa atakufikishia mpaka mlangoni. Leo usitafute majivuno humu ndani.

Jicho limefunga tena. Ni jekundu pande zote, na nikililainisha kwa pamba naona katikati utando, kama maziwa yaliyoanza kuganda. Karanga zake hagusi. Ameketi kwa kona amejikunja.

Niliweka magadi. Mara ya kwanza kabla sijakuandikia. Nilisaga, nikakoroga na maji, nikadondosha tone moja kwa unyoya wa kuku, vile baba yangu alikuwa anafanya. Mara ya pili ni Ijumaa, baada ya kusoma barua yako. Jicho lilikuwa linapona kwa maji yako, na mimi badala ya kufurahi nikaona uchungu. Nikasema watu watajua ni Barnabas amemponya. Nikataka dawa ya kwetu ndiyo imalizie. Karanga alilia. Sikujua kumbe wana sauti.

Na Nyar Ndhiwa. Hakukuwa na mwiba. Nilimpulizia unga wa magadi kwa kijiti cha jani la papai. Ulipokuja uliniuliza mbele ya watu waliokuwa wananiita mganga wa ng'ombe, na mdomo ukasema mwiba kabla sijauambia. Ulipiga magoti kwenye samadi siku tano ukitafuta mwiba, na mimi nimesimama hapo nimekushikia kamba. Nilijua. Siku zote tano nilijua.

Sheila anarudi baada ya siku tisa. Niambie la kufanya na nitafanya. Ukitaka kunitukana, anza na dawa, matusi uweke mwisho.

Ndugu yako,
Masese


Homa Bay
Jumatano, 20 Aprili 1994

Ndugu yangu Masese,

Dawa kwanza. Dereva wako anarudi saa nane, kwa hiyo barua hii itakufikia leo.

Maji yale yale ya chumvi, lakini sasa usipanguze. Osha. Mfunge kwa kitambaa laini kichwa kikiwa nje, usimkabe kifua, ana mifupa ya kifaranga. Dondosha tone baada ya tone, yaingie na kutoka yenyewe, dakika kumi bila kuchoka. Ukimaliza usingoje kesho. Mpeleke leo hii kwa daktari wa mifugo hapo Migori. Jicho lililoingia magadi si la kutibiwa nyumbani peke yake. Na ukifika, neno la kwanza kutoka mdomoni mwako liwe magadi.

Sasa hilo lingine. Jerusha amenifanya nimsomee barua yako mara mbili. Nyar Ndhiwa yuko hai. Amezaa mara sita, na ni mkorofi kuliko wote wenye macho mawili.

Matusi nilikuwa nimeyaweka miaka minane. Leo nimeyatafuta nimeyakosa.

Ndugu yako,
Barnabas


Migori
Jumanne, 26 Aprili 1994

Ndugu yangu Barnabas, na dada yangu Jerusha,

Salamu nyingi kuliko omena za Mellen! Nimeandika rangi ya jicho kila siku kwenye daftari, soma: Alhamisi nyekundu. Ijumaa nyekundu. Sabato nyekundu kidogo. Jumapili kama chai ya maziwa. Jana NYEUSI! Anaona! Leo nilipitisha karanga upande wa kushoto na akaninyang'anya, karibu aende na kidole!

Lakini niwaambie ya daktari. Kumbe daktari wa mifugo ni Nyamusi, binti ya Makori, yule niliyemcheka sokoni nikasema mwanamke atashika pembe za fahali na nini. Nilipanga foleni na kikapu changu, mbele yangu ng'ombe wawili na mbwa. Watu wakauliza, "Mzee, umeleta nini?" Nikasema mtaona. Nilipofika nikasema magadi, hata salamu nilisahau. Akaniangalia, akamwangalia Karanga, akasema, "Mzee Masese, leo umeniletea fahali?" Nilistahili hiyo. Akanipa dawa ya mafuta kwenye tyubu, nipake kiasi cha punje ya wimbi mara tatu kwa siku. Nimepaka bila kukosa hata mara moja. Akasema mkono wangu ni mwepesi! Amesema hivyo mbele ya watu, Ombui alikuwepo, muulizeni!

Kitu kimoja. Katikati ya jicho kumebaki alama nyeupe, ndogo kama punje ya simsim. Nyamusi anasema inaweza isitoke. Sheila anarudi Ijumaa na yule mtoto anaona kila kitu. Nilikuwa nafikiria niseme ni karatasi ilimchoma. Zile karatasi za daftari zina kona kali. Mnaonaje?

Ndugu yenu,
Masese


Homa Bay
Jumanne, 26 Aprili 1994

Ndugu yangu,

Tunashangilia hapa mpaka jirani ameuliza kuna harusi gani. Hongera, na umpe Nyamusi asante yetu.

Hiyo karatasi ni mwiba mwingine.

Ndugu yako,
Barnabas


Migori
Jumapili, 1 Mei 1994

Ndugu yangu Barnabas na dada yangu Jerusha,

Nawasalimu nikiwa mzima, mwepesi kama nimetua gunia.

Sheila alifika Ijumaa. Hakuweka hata mkoba chini, aliinua kizimba mpaka dirishani. Nikahesabu moja, mbili, na hapo hapo akaona. "Babu, hii nyeupe ni nini?"

Nikasema ni magadi. Ni mimi niliweka. Nilisema upesi, kabla mdomo haujatafuta kitu kingine.

Kutoka Ijumaa mpaka Sabato alasiri hakusema na mimi, hata sala ya chakula aliomba akinipa mgongo. Barnabas, nilikaa hiyo siku moja nikafikiria miaka yako minane. Kisha akaja akasimama mlangoni akauliza, "Alisikia uchungu?" Nikasema ndiyo, alilia. Sheila akalia, na mimi nikalia, na Karanga akatoka kwenye karatasi zake akatuangalia kwa macho yake mawili kama mtu ambaye wageni wake wamekosa adabu.

Leo asubuhi nimekuta kibandiko juu ya kizimba, kwa herufi kubwa: BABU ASIWEKE KITU CHOCHOTE. MAJI TU. Nimekisoma mwenyewe, neno kwa neno, hakuna mtu aliyenisaidia. Nionyesheni katika Migori hii mzee mwingine ambaye ameandikwa juu ya kizimba! Nimemwita Ombui aje aone. Amesoma akacheka mpaka akashika ukuta. Mwache acheke. Yeye hajaandikwa popote.

Jumanne nakuja na Mellen. Nitakaa juu ya magunia matupu. Jerusha, usisumbuke na kuku, ila kama ameshachinjwa sitakataa. Barnabas, chai tutakunywa baadaye. Ukiniona nimefika nipeleke kwanza kwa Nyar Ndhiwa. Sijasahau, ni jicho la kulia. Nitamjia kwa upande wa kushoto, polepole, ili anione mapema na ajue ni nani amekuja.

Ndugu yenu,
Masese