Mstari Ulionyooka Mno

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, pamoja na za wifi yako. Sisi ni wazima. Nanyi je? Safari hii siulizi kwa mazoea. Nataka kujua hali ya kila mmoja nyumbani kwako, kuanzia mjukuu wetu. Nimekupigia simu tangu jana asubuhi na haipokelewi. Ndiyo maana barua hii anakuletea dereva wa gari letu la kazini.

Umenitania mara nyingi kwamba kaka yako, mtu mzima na mvi zake, analipwa kwa kulea virusi. Ni kweli. Mtaalamu wetu, binti wa rika la mwanao, ameviunda upya virusi visivyomdhuru mtu, ili vinase aina moja tu ya bakteria wa tumbo. Tunavibandika juu ya vipande vidogo vya kioo. Maji ya mji yakipita hapo na bakteria wakanaswa, mwanga unaomulika kioo hubadilika, na mstari kwenye skrini hupanda. Mstari usipopanda, maji ni salama. Mimi hutia sahihi, nanyi hunywa.

Virusi hivyo vina sharti moja: visikauke. Hukaa katika kasha lenye majimaji hadi siku ya kutumika. Vikikauka hubaki pale pale juu ya kioo, wala havionekani kuharibika, lakini havinasi kitu.

Mwezi uliopita tulitembelewa na wakaguzi. Tangu siku ile mstari ulinyooka kama uzi wa fundi mwashi. Mkuu wa mtambo wetu wa maji alifurahi, akasema tuuwekee mstari huo fremu ukutani. Mtaalamu peke yake hakucheka. Alisema mstari wa kweli hutikisika kidogo, na huu umetulia mno. Nilimjibu kwa ukali kwamba kasha lilijaribiwa likapita. Kanuni niliiandika mwenyewe: kioo kimoja kikipita, kasha zima limepita.

Wiki iyo hiyo uliniandikia kwamba mmechoka kuchemsha maji ya kunywa. Nilikujibu muache, kwa kuwa maji hayo yamepita mikononi mwangu. Barua yako iliyofuata ilisema mjukuu anaharisha, na jirani zako wawili wamelazwa. Ulidhani ni chakula. Nami nilitamani kiwe chakula.

Jana mtaalamu alidondosha bakteria wa majaribio juu ya kioo kilichokuwa kazini. Mstari haukusogea. Akajaribu vyote vilivyobaki kashani. Hakuna hata kimoja kilichonasa kitu. Akauliza ni nani aliyevikausha. Mkuu akamtazama mfagizi wetu.

Mdogo wangu, ni mimi. Kazini wananiita Mzee Kitambaa, kwa kuwa siwezi kuona tone mezani nikaliacha. Asubuhi ya wakaguzi niliviona vioo vina utelezi kama kamasi, nikaona haya. Nilivitoa kimoja kimoja, nikavifuta hadi vikang'aa, nikavirudisha. Sharti nililijua. Nilijiambia kwamba dakika moja haiharibu kitu. Kioo kilichojaribiwa kilikuwa tayari ndani ya mashine ya kujaribia, hicho sikukigusa.

Leo nimemweleza mkuu mbele ya mfagizi. Amesema vioo vipya vitakuwa tayari baada ya siku tatu, na hadi hapo tufunge midomo. Mabomba hayajafungwa.

Kwa hiyo msinywe maji hayo bila kuyachemsha, wala msimsafishie mtoto kinywa kwa hayo. Mpelekeni hospitali leo. Gonga kila mlango wa mtaa wako, na useme ni mimi niliyekutuma; jina langu usilifiche.

Wasalimie wote walio na nguvu ya kuitikia. Mpe dereva jibu uliloliandika kwa mkono wako mwenyewe, hata likiwa neno moja. Nimemwambia asirudi bila hilo, nami nimekaa langoni namsubiri.

Ni mimi kaka yako,
niliyekuambia unywe.