Swali la Neema

Alhamisi, Uvira

Na bado sijui kama nilimjibu vizuri. Leo nilikuwa nafundisha afya ya sayari, namna afya ya watu inavyotegemea mazingira, nikieleza jinsi miti inavyokatwa mlimani kuchomwa makaa, mvua zinazozidi kwa joto la dunia zikashusha matope, maji ya kunywa yakachafuka, kolera, yaani kipindupindu, ikaingia. Somo nililolizoea.

Ndipo Neema, mwanafunzi wangu kutoka Kiringye, akasimama.

“Prof, mama yangu iko nachoma makala. Kolera ilibeba mudogo wangu. Sasa ni mama ndiye alimuua?”

 

Nikamwambia hapana. Mama yake anatafutia watoto chakula. Walioipasha dunia joto wako mbali, na maji safi hakuna aliyewahi kumpelekea.

“Basi andika iyo kwa tablo, Prof.”

Nikaandika ubaoni: Si mama aliyeleta kolera. Wenzake wakanakili. Yeye hakunakili. Aliomba ruhusa, akasimama nje ya dirisha akampigia mama yake simu. Nilisikia neno moja tu, “Mama,” kisha akalia.

Sikuweza kuendelea na somo.

Ninaowahofia ni wale wa miaka iliyopita, waliosikia somo hilihili wakarudi nyumbani bila kuuliza, pengine wakiwalaumu mama zao.