Sala Niliyoiruka

Pualani, pokea simu! Nimefanya jambo baya mno.

Mjomba Nahoa alikuja kwa Bibi kukandwa mguu. Bibi alikuwa jikoni, nami nikaona ile sala yake ya kabla ya kukanda itanichelewesha. Nikapaka mafuta, nikaanza kuminya shavu la mguu.

Bibi akaingia. “Toa mikono! Umesali?”

Nikaondoa mikono.

Akaweka kiganja, akafumba macho, akasali. Hakumaliza. “Mguu wa moto huu! Sala ndiyo muda wa mikono kusikiliza, we mtoto! Huenda damu imeganda humu, haukandwi!”

Nilikuwa nimeshauminya, Pua. Nimeuminya kwa nguvu zote!

Mjomba akaanza kuhema. Sasa tuko hospitali, madaktari wamemwingiza ndani; wanahofia damu iliyoganda imepanda mapafuni.

Bibi hanisemeshi. Nimekaa mlangoni, viganja bado vina mafuta, na ile sala ndiyo kwanza naisema.