Kidole Gumba cha Baba

Mogogosiek,
12 Oktoba 1997.

Kaka yangu mpendwa Nyagaka,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi Esnah na watoto. Hamjambo huko Nakuru? Huku mvua ipo, ng'ombe amezaa, na mwilini mimi sina neno. Lakini keti kwanza kabla hujaendelea kusoma.

Unakijua kile kipindi cha kuchekesha cha Mzee Kopo, cha kila Jumatano jioni. Tangu tumzike Mama, Baba hajachekeshwa na kitu kingine. Aliyakokota magoti yake mabovu hadi kwa jirani yetu Rodah, mwenye televisheni ya betri, na huko Wakipsigis na sisi Wakisii tulicheka pamoja, hata mwaka huu wa uchaguzi ambapo watu wa makabila tofauti wanaogopa kusalimiana. Mwezi uliopita wakatangaza kwamba kinaondolewa. Baba alikataa chakula siku mbili.

Nikasema haiwezekani. Jumatano iliyopita niliandika barua kwa wenye televisheni kule Nairobi, nikaenda nayo kwenye kituo cha majani chai wakati tunangojea lori. Wengi hawajui kuandika, kwa hivyo niliazima wino wa muhuri wa karani, watu wakatia vidole gumba, sitini na mmoja. Nikaipitisha nyumbani kwa Baba, kisha nikaituma siku hiyo hiyo.

Wenye midomo wakamfikia chifu. Wakamwambia kuna mtu anakusanyia wapinzani vidole. Ijumaa akaitisha baraza na askari wake, akauliza ni nani aliyeanzisha. Rodah alijaribu kumweleza kwamba ni mambo ya kipindi tu, akafokewa akae chini. Kisha chifu akaamuru kila mtu aonyeshe kidole gumba, atafutwe mwenye wino.

Wewe umechuma chai, unavijua vidole vyetu. Utomvu umevitia weusi mpaka sabuni imeshindwa. Askari alipita mstari mzima asione wino, nami karibu nicheke. Kisha akafika kwa Baba, ambaye hajachuma hata jani moja tangu magoti yamshinde. Mikono yake ilikuwa safi, na ile zambarau ya wino ikaonekana waziwazi.

Nakuungamia wewe kwanza. Baba hakutaka kutia kidole. Alisema karatasi zimeshawaponza wengi. Mimi ndiye niliyemshika mkono nikakikandamiza, huku nikimtania kwamba Mzee Kopo atamlilia. Alipoulizwa ni nani aliyeanzisha, alinitazama mara moja tu, akasema ni yeye. Nami nilisimama hatua tatu kutoka kwake na vidole vyangu vyeusi, nisifungue mdomo. Wakamfungia kambini kwa chifu, na leo ni siku ya tatu.

Kesho asubuhi naenda kusema ukweli, na Rodah amekataa niende peke yangu. Wakimwachilia watanizuia mimi, kwa hivyo njoo, kaka. Baba hawezi kuteka maji na magoti yale. Kipindi cha mwisho ni Jumatano ya tarehe 22. Mpeleke kwa Rodah, umkalishe karibu na televisheni, maana siku hizi hasikii vizuri.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na watoto uwashike mikono kwa niaba yangu. Baba akicheka, niandikie huko nitakakokuwa.

Ni mimi dada yako,
Mellen.