Mbio za Mama Sila

S.L.P. 1187,
Chang'ombe,
Dodoma.
24 Septemba, 2024

Mpendwa kaka Sila,

Shikamoo. Habari za Lusaka na kazi? Wifi Devota na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, ila vumbi la mwezi huu limetupa mafua nyumba nzima.

Najua hujampigia baba simu kijijini Haneti tangu ulipokuja ukakuta mama ameshazikwa, ndipo ukasikia kwa majirani kwamba havikuwa vidonda vya tumbo kama baba alivyokuambia. Ulimuuliza baba, akatoka kwenda kuwatazama ng'ombe. Sikulaumu hata kidogo. Lakini Jumamosi nimeona jambo ambalo mpaka leo linanitoa usingizini.

Kanisani walitangaza mbio za kuchangia wagonjwa wa saratani, kilomita kumi. Nikajiandikisha kwa ajili ya mama, na baba nikamgusia tu kwenye simu. Alhamisi nikamkuta mlangoni kwangu na kifurushi cha karanga, anauliza mbio zinaanzia wapi. Miaka sabini na miwili, kaka! Nikamwambia hizi si za kufuata ng'ombe. Akasema ng'ombe wana mbio kuliko hao vijana wenu wa mjini.

Mgongoni mwa fulana palikuwa na nafasi ya jina la ndugu uliyempoteza. Baba akaniambia niandike Mama Sila. Sikushangaa, maana maisha yangu yote sijamsikia akimwita mama vinginevyo.

Raba nilizomwazimia alizivua hata kilomita moja haijaisha, akavaa makatambuga yake ya matairi aliyoyabeba mkononi. Halafu kila aliyekuwa kando ya barabara alisimama kumsalimu. Muuza maji, askari wa usalama barabarani, akina mama wa genge la mboga, wote aliwauliza habari za nyumbani. Nikamwambia tunachelewa. Akanijibu, "Penina, mtu hapiti watu kimya kama mwizi." Basi wakatupita wakimbiaji wote, hata dada mmoja mwenye mtoto mgongoni, na waliosoma fulana wakawa wanamshangilia mzee wetu kwa jina la Mama Sila. Yeye anapunga mkono tu.

Tulifika wa mwisho, mahema yanashushwa. Mwenye kipaza sauti akamfuata kwa utani, akamuuliza huyo Mama Sila ni nani. Baba akavua kofia.

"Anaitwa Anyesi," akasema. "Aliumwa saratani ya titi miaka miwili. Yeye aliona aibu, na mimi nikaona aibu, tukaficha. Mwanangu Sila nilimwambia ni vidonda vya tumbo, hakumkuta mama yake hai. Kosa ni langu."

Kaka, uwanja mzima ulimgeukia. Vijana wa mahema waliacha kamba. Mimi nilimtazama kama mtu nisiyemjua, huyu baba ambaye hata jino likimuuma hasemi. Mama mmoja akaja akamshika mkono, akamwambia ana uvimbe tangu Pasaka na hajamwambia mtu, na kwamba Jumatatu atakwenda hospitali. Niliogopa na kufurahi kwa pamoja. Sijui kama nitaona tena kitu kikubwa kama kile.

Jioni nikampa simu, nikamwomba akuambie maneno hayo hayo. Aliishika muda mrefu, kisha akanirudishia. Akasema watu wa uwanjani hawamtishi, anayemwogopa ni wewe.

Ndiyo maana nimeandika. Hajui kama nimekuandikia.

Shangazi Zipora wa Kibakwe anakusalimu sana, na mwanangu Gerson anakuulizia kila siku. Wabusu watoto kwa niaba yangu. Mungu awafunike nyote huko ugenini.

Baba alirudi Haneti jana. Simu yake huwa hewani alfajiri, kabla hajafungulia ng'ombe. Mpigie, na usianze na lawama. Msalimie tu. Salamu hajawahi kuipita.

Mdogo wako akupendaye,
Penina